Pua ya Primus

"Primus, moshi wako umelala kwenye gauni la bibi harusi wa watu," Eunike alisema, akilianua gauni alilomaliza kulishona jana. "Litaingia kanisani linanuka sigara."

"Mbona mimi sisikii harufu yoyote, jirani?"

"Utasikia wapi wewe? Juzi maharage yako yameungua, nyumba nzima tumekimbilia uani, mwenyewe umekaa mlangoni unavuta."

Mama Mektrida, mpangaji wa chumba cha kati, ambaye hapakuwa na neno la mtaa wa Majengo lililompita, alicheka mpaka akaweka ungo wa mchele chini. Alijua Primus, mpagazi wa watalii mlimani, alishamwomba Eunike waoane. Alijua pia kwamba hajajibiwa.

"Niambie ukweli," Eunike akasema. "Hiyo sigara ina utamu gani?"

Primus alifikiri kwanza. "Ukishatua mzigo wa watu, kilele cha Kibo cheupe mbele yako, ukawasha moja, dunia yote inakuwa yako. Siwezi kukudanganya."

"Baba yangu alisema hivyo hivyo. Mwisho, toka kitandani mpaka mlangoni alikuwa anapumzika mara mbili. Siolewi ili nikasikilize kikohozi kile tena."

"Nipe safari hii moja ya mlima. Nitarudi nimeiacha."

Siku ya nne ya safari, mpagazi mwenzake alishuka na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, imeandikwa kwa penseli: *Eunike, nimevuta moja kambini Horombo. Zilizobaki nimezigawa. Nisamehe.*

"Angenyamaza ungejulia wapi?" Mama Mektrida akauliza. "Huyu ama mkweli, ama zezeta."

Siku ya sita Primus alisimama mlangoni kwa Eunike na jani la sale lililofungwa fundo. Mchagga akiombwa radhi kwa sale, hana ruhusa ya kukataa. Eunike alilipokea kwa mikono miwili.

"Hili ni la ile moja ya Horombo. La ndoa bado."

"Eunike, leo nimesikia harufu ya msitu," Primus akasema taratibu, kama mtu aliye kanisani. "Udongo wenye mvua. Majani. Miaka kumi na moja napita pale, sikujua kumbe unanukia. Nilikaa chini nikalia, wenzangu wakadhani nimeteguka mguu."

Eunike akamsogelea. "Na sasa hivi unasikia harufu gani?"

Primus akafumba macho. "Ndizi. Nyama. Kitunguu." Akanusa tena. "Machalari. Tena yanashika chini."

"Mimi mbona sisikii kitu?" Mama Mektrida akasema, ananusa huku na huku.

Eunike alikimbilia jiko lake, akapitisha mwiko chini ya sufuria. Ndizi mbili tu zilikuwa zimeanza kushika. Alibaki ameshika mwiko, akiiwaza pua iliyofufuka kwa siku sita.

"Primus," akaita kutoka ndani. "Vua viatu, ingia ule."