Koili ya Mkono wa Kushoto

Aliyepatwa na haya ni Kahigi, fundi redio wa Chonyonyo, jirani wa shangazi yangu. Asubuhi ile alikunywa chai peke yake, akapalilia kidogo kwenye migomba alikozikwa mkewe Mackrine pamoja na mtoto wao ambaye hakuwahi kulia. Kisha akaenda zahanati.

Radi ya jana ilikuwa imeunguza mashine ya umeme wa jua, na mvua imekata barabara ya hospitali. Wodini, Vero alikuwa amejifungua mtoto njiti, kabla ya miezi yake. Homa ilimzidi, maziwa hayajatoka, hana nguvu hata ya kumkumbatia mwanawe. Mtoto alihitaji godoro la joto, la umeme.

"Kaka Kahigi, utaweza?" aliuliza nesi Benadeta.

"Nikipata jua mpaka jioni."

Paneli za paani zilifungwa kwa mfululizo, na umeme ulioshuka ulikuwa volti mia sita, wa kuua ng'ombe. Kahigi alitakiwa kutengeneza pawa saplai ya kuukatakata umeme huo na kuutoa kwa njia tatu: godoro, friji ya chanjo na betri ya usiku. Alijifungia stoo. Kapasita, vile vikopo vya kutunza chaji, alizifunga mbili pamoja zigawane mzigo, maana moja peke yake ingepasuka. Akasuka koili za transfoma, akaunganisha, akawasha.

Taa ndogo ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima. Kama kitu kinachojaribu kupumua.

Akazima swichi, akamwaga chaji iliyobaki kwa balbu, akapima kila kiungo. Hakuona kosa. Stoo ilikuwa kimya mno. Zamani, kwenye kimya kama hiki, Mackrine angemtania: "Baba, hata umeme unakuonea aibu?"

Benadeta akagonga. "Njoo unywe uji, kaka."

"Mtoto?"

Nesi akanong'ona. "Anapoa."

Kahigi akafunga stoo kwa kufuli, akachukua kichomeo chake cha kuyeyushia risasi akakipashe tena kwenye mkaa wa jikoni. Uji ulikuwa na sukari nyingi, sukari ya Benadeta mwenyewe. Aliunywa amesimama.

Aliporudi, kufuli lilikuwa vilevile.

Juu ya transfoma palikuwa na koili nyingine. Ndogo. Waya mwembamba, umesukwa kuelekea kushoto.

Akaganda.

Ndipo alipokumbuka. Kile kifaa kinachoongoza ukataji wa umeme huhitaji koili yake ya kukilisha. Bila hiyo huamka na kufa, huamka na kufa. Kahigi hakuwahi kuisuka maishani. Yeye alisuka zile kubwa, ndogo akamwachia mkewe, mwenye vidole vyembamba, mtumia mkono wa kushoto. Leo pia alikuwa amemwachia.

Akagusa kiungo kwa ncha ya kisu. Risasi ya kuungia ilikuwa bado laini. Na kichomeo alikuwa nacho mwenyewe.

"Mackrine?"

Mezani, roli la waya lilikuwa linazunguka taratibu. Likasimama.

Akachukua koleo aikate. Wodini mtoto akalia, sauti nyembamba, halafu nyembamba zaidi. Kahigi akaweka koleo chini. Akawasha.

Taa ikawaka. Haikuzima.

Usiku alilala pale pale zahanati, kwenye benchi la nje. Hakuwa na mtu wa kumrudia. Kulipokucha Benadeta alitoka wodini, ameziba mdomo kwa khanga.

"Mtoto mzima, kaka. Ana joto zuri."

"Mungu ashukuriwe."

"Lakini hataki kunywa. Mama Auleria wa kitanda cha pili amemkamulia maziwa yake, anayakataa, hata mdomo hafungui. Kama aliyeshiba." Akapunguza sauti. "Nilisinzia kidogo tu. Vero hajatoa hata tone."

Kahigi akaingia. Vero alikuwa amelala, homa inashuka. Mtoto naye alilala kwenye godoro lake, mashavu mekundu, tumbo limejaa. Pembeni mwa mdomo palikuwa na tone la maziwa.

Kahigi akalifuta kwa kidole.

Lilikuwa la baridi.