Sanduku la Dada

SAA 3:10 ASUBUHI

Kiraka, mkuu wa genge lao la watatu, alitandaza gazeti juu ya meza, katika chumba cha nyuma ya karakana.

"Chora."

Fundi akachora kwa chaki. Mlango. Sebule. Chumba cha kulala. Kabatini, sanduku la chuma alilolichomelea kwa mikono yake mwenyewe.

"Nani yumo?"

"Hamna mtu. Shemeji yuko kazini. Dada anafundisha mpaka saa nane."

Bubu, dereva wao, mtu wa maneno machache, aliacha kutafuna kijiti. "Dada yako? Wa tumbo moja?"

"Ndiyo."

"Mh."

Mguno huo ulimchoma Fundi kuliko tusi.

Miezi miwili nyuma, dada alimfuata pale pale karakanani. "Mdogo wangu, wewe ndiye mjanja wetu. Hela ya kununulia nyumba ninayo, ila tunalipa baada ya miezi mitatu. Benki wanataka niifungie mwaka mzima, riba nono. Akaunti ya kawaida riba yake kiduchu, lakini natoa siku yoyote. Mwenzangu shuleni ananisukuma ninunue hisa. Niweke wapi?"

Fundi jibu alilijua. Hela ya miezi mitatu haifungiwi mwaka, wala haipelekwi kwenye hisa zinazopanda leo na kuporomoka kesho. Inakaa mahali salama inapotoka ukiitaka. Jibu lilifika ncha ya ulimi. Kisha akamkumbuka Kiraka na ahadi zake za mgao, na ulimi ukapinda.

"Nyumbani, dada. Nitakutengenezea sanduku."

Dada alimlipa papo hapo, akamwongezea ya soda. Naye akapokea.

SAA 4:25

Bubu alibaki garini, injini ikinguruma. Fundi na Kiraka waliingia kwa funguo ambazo Fundi alizichonga kwa siri. Sebuleni kulikuwa na picha ya harusi ya dada. Fundi akaipita akiangalia sakafu.

SAA 4:31

Sanduku lilifunguka bila kelele. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu. Kiraka aliisoma, midomo ikimcheza.

"Stakabadhi ya benki. Hela ziliwekwa huko wiki ile ile ulipoleta sanduku." Akageuka. "Umetuuza, mwanaharamu?"

"Sikujua! Haki ya Mungu..."

Nondo aliyokuja nayo Kiraka ilimpata juu ya sikio. Akaanguka.

Mlango wa mbele ukalia. Dada alikuwa amerudi kuchukua mitihani aliyoisahau. Alipiga yowe lililofika mtaa wa tatu. Kiraka akampiga kikumbo, akatoka mbio, akakuta vumbi tu. Bubu alikwisha kuondoka na gari. Majirani walimdaka Kiraka getini.

SAA 4:50

Dada alipiga magoti, akamfuta Fundi damu kwa mtandio wake. Alitazama sanduku lililo wazi, kufuli lisilo na mkwaruzo. Akamtazama mdogo wake usoni, kwa muda mrefu. Akaelewa.

"Nilizipeleka benki," alinong'ona. "Akaunti ile ya kawaida. Shemeji yako alishikilia hivyo. Sikukwambia, nilidhani utaumia, jinsi ulivyolihangaikia sanduku lako."

Fundi alitamani nondo ile ingemmaliza.

Askari wawili waliingia. Mkubwa wao akaonyesha kidole. "Na huyu?"

"Mdogo wangu," dada alijibu, sauti kavu. "Aliwafuma wakiiba. Kapigwa kwa ajili yangu."

"Pole sana, kijana. Ndugu kama wewe siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi." Askari akamnyooshea mkono amwinue.

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja akaanza kumpigia makofi, wengine wakaitikia. Fundi alihisi kila kofi likimvua nguo.

Akanyoosha mikono yote miwili, akaikutanisha.

"Usimsikilize, afande. Nifunge. Mimi ndiye niliyewaleta."

"Nyamaza!" dada alimfokea. "Nyamaza, mdogo wangu, nakuomba!"

Na hapo ndipo dada alipoanza kulia.