Mjukuu Wangu Alisema Sina Mtu Duniani

"Mama huyu mzee hana mtu duniani!"

Ndugu zangu wasomaji, maneno hayo yalisemwa mlangoni kwangu, mchana kweupe, mbele ya kamera. Na aliyeyasema ni mjukuu wangu wa damu... niliyemlea mwenyewe tangu mama yake afariki, yeye hata meno hajaota!

Anagombea udiwani. Siku hiyo alivaa suti ya buluu, mkononi ana blanketi la kahawia, bado limo kwenye mfuko wake wa plastiki. Akanitupia mabegani likiwa na mfuko wake, likawa linateleza, nalishika huku, linachomoka kule.

"Mume wangu, una nini leo?" nikamnong'oneza. Ndivyo ninavyomtania tangu utoto wake.

"Bibi, nyamaza kidogo tu," akajibu huku anaitabasamia kamera. "Yule mama tuliyempanga amekataa kupigwa picha. Hii ni ya wakubwa wa chama tu, haitasambaa."

Nikalishika blanketi. Nilidhani wakimaliza atacheka, awaambie wenzake mimi ni nani.

Wapi!

Mpiga picha alipozima kamera, akanivua lile blanketi.

"Samahani mama, tunalihitaji nyumba inayofuata."

Mjukuu wangu alishapanda gari.

Jamani... nyumba yangu ina desturi yake. Jirani akikwama, chakula chake kinafunikwa, kinapitia mlango wa nyuma, na aliyekipeleka hasemi neno. Huyu huyu ndiye niliyekuwa namtuma. Siku moja akaenda kujisifu shuleni kwamba watoto wa nyumba fulani wanakula chakula chetu. Nilimshika mkono mpaka jikoni kwa yule mama, akaomba radhi amesimama kati ya ndoo na gunia la mkaa. Alilia mpaka kamasi zikamfika kidevuni. Nikajua limemwingia.

Jioni, Mama Saluni, jirani yangu, akaingia bila hodi. Mteja kamwacha kule saluni na kichwa nusu kimesukwa.

"Bibi! Wewe umekuwa mkiwa lini? Umejaa kwenye kila simu!"

Akanionyesha. Nimetoa macho kama mwizi, na chini pameandikwa: "Mgombea wetu afuta machozi ya mama mpweke."

"Nimeshawajibu hapo hapo," akasema Mama Saluni. "Nimeandika huyo ni bibi yake aliyemlea, waache uongo!"

Watu wakalipuka huko mtandaoni!

Kesho yake asubuhi mgombea alikuwa sebuleni kwangu. Suti ile ile, tai hana.

"Bibi, niokoe. Nikurekodi ukisema hunijui."

"Nisikujue? Upele wako wote nimeupaka dawa mimi!"

"Basi sema chochote kizuri. Wakubwa watanitoa!"

Sauti ilimkatika. Nikamwonea huruma, lakini uongo sikuuweza.

"Washa simu," nikamwambia.

Nikakaa vizuri, nikafunga kilemba upya, nikasema taratibu: "Huyu ni mjukuu wangu. Nimemlea mimi. Nilimfundisha kutoa. Lakini nilimfundisha kutoa bila kumdhalilisha mtu, na jana amenikana mlangoni kwangu. Ana la kuwaambia. Akishaomba radhi, ndipo mumfikirie."

Akazima simu. Akaitia mfukoni.

"Nitairusha yote, Bibi. Na mimi nitaongeza langu."

"Utaweza?"

"Si wewe uliyenilea?"

Nilimkumbatia, ndugu zangu. Nikamchemshia chai. Nikamwambia, "Sasa ndiyo umekuwa mume!" Akacheka, akaondoka.

Mchana Mama Saluni akaja tena. Safari hii alipiga hodi... Hapo nikajua kuna jambo.

Video imerushwa. "Huyu ni mjukuu wangu. Nimemlea mimi. Nilimfundisha kutoa." Halafu... muziki! Yeye huyo anapunga mkono! Na chini kaandika: "Asante Bibi kipenzi kwa kukubali kuigiza, ili wazee wetu wakumbukwe."

Kuigiza!

Watu wanacheka, wananisifu. "Bibi ana kipaji!" "Apewe tuzo huyu!"

Nikampigia. Akapokea mtu nisiyemjua.

"Mheshimiwa yuko kwenye kikao, mama. Nimwambie nani amepiga?"

Niliitoa simu sikioni. Nikakata.

Ndiyo maana leo nimemwomba Mama Saluni anifungulie ukurasa, nikaketi kuandika kwa kidole kimoja. Sikuigiza, ndugu zangu. Nilikanwa. Na lile blanketi sikulala nalo.

Mnaolea, leeni, msichoke. Lakini jueni kwamba mtoto utampa yote, naye akikua atachukua kile kinachompendezesha mbele za watu, kinachomgharimu akakiacha. Mgombea akiwasimulia alivyolelewa, msiishie kupiga makofi. Nendeni kwao, mkawaulize waliomlea mara ya mwisho aliwasalimia lini.

Kesho tunapiga kura. Jina lake halitanipotea kwenye karatasi, maana kuliandika nilimfundisha mimi, kwa kijiti, kwenye mchanga wa uani, akikosea nafuta tunaanza upya.

Nitalisoma lote. Kisha nitaliruka.

Halafu nitarudi nyumbani nimsubiri. Kura simpi. Ubibi sijamnyima.