Muhogo wa Usiku Mmoja

Mwaka 1997 mvua ilikatika mapema. Kijijini kwetu, njia ya kwenda Namawala, mpunga ulikauka kabla ya kutoa masuke. Sisi tumezoea wali. Muhogo mchungu tuliupanda pembeni tu, maana nguruwe pori hawaupendi. Sasa ukawa ndio chakula chetu, asubuhi na jioni, kwa matembele matupu.

Mkwe wangu Brigitha aliumenya, akauloweka usiku mmoja, kama tunavyoloweka mbegu ya mpunga. Kesho yake akauanika, halafu akautwanga.

"Usiku mmoja unatosha kweli?" nilimwuliza.

"Mama, watoto wanalia njaa. Na kisima chenyewe hakitoi maji."

Nikachukua ungo, nikamsaidia kupepeta unga. Hilo ni kosa langu.

Kila walipokula ugali ule, watoto walishikwa na kizunguzungu. Tukasema ni malaria.

Baada ya wiki kadhaa, asubuhi moja, mjukuu wangu Eveline, wa miaka minane, alishindwa kusimama vizuri. Miguu ilikuwa imekaza. Alikanyaga kwa ncha za vidole, akaanguka.

"Hiyo ngoma gani, dada?" mdogo wake Fulgence alimcheka.

Eveline akaanza kulia. Fulgence naye akaacha kucheka.

Tulimpeleka zahanati kwa baiskeli. Wao wakapeleka habari, na baada ya siku mbili akaja nyumbani kwetu mtu wa maabara kutoka Ifakara, Bwana Egidius.

"Shikamoo, bibi. Naomba mkojo wa watoto wote wawili."

"Marahaba. Mkojo wa nini, baba, na kinachouma ni miguu?"

"Muhogo mchungu una sumu inayokaza miguu, inaitwa sayanaidi. Mwili huibadilisha na kuitoa kwa mkojo. Huko ndiko tunakoikamata."

Alitia mkojo kidogo kwenye kichupa, akaongeza dawa, akaweka kipande cha karatasi ya njano, akafunga kifuniko. Kila mtoto na kichupa chake. Kesho yake karatasi zote mbili zilikuwa za kahawia, alama ya sumu.

"Hata ya Fulgence?" Brigitha aliuliza. "Mbona anakimbia?"

"Anakimbia leo, mama. Dada yake naye alikuwa anakimbia."

Kisha akatuelekeza. "Loweka siku tatu au nne, mpaka muhogo ubonyee kwa kidole. Maji yale mwaga. Anika juani, ukauke kabisa. Na watoto wapate dagaa au maharage, vinausaidia mwili kuitoa sumu."

Tangu siku hiyo tulibeba mihogo hadi mtoni, mwendo wa saa nzima, tukailoweka huko.

Mwezi ulipopita, Bwana Egidius alirudi na vichupa vyake. Safari hii karatasi zote mbili zilibaki za njano.

"Basi nitatembea?" Eveline aliuliza.

Bwana Egidius alichuchumaa mbele yake. "Sumu imetoka, mwanangu. Ukila vizuri, hutazidi kuumia. Ila miguu iliyokwisha kukaza hairudi kama zamani."

Brigitha alijifunika uso kwa kanga.

Fulgence bado anakimbia. Eveline anatembea kwa fimbo mbili. Mihogo ikitoka mtoni, yeye huketi mkekani na kubonyeza kipande kimoja kimoja.

"Hiki bado kigumu, mama. Kirudishe majini."

Na mama yake hukirudisha.