Mke Mwenza wa Bi Zuena

Jumamosi hiyo soko la Kariakoo lilikuwa limefurika, na watu wawili walikuwa wameng'ang'ania kinu kimoja. Kilikuwa kinu kidogo cha mti, ukingo wake umepakwa rangi ya kijani, mojawapo ya vile vya kutwangia tambuu kwa wazee walioishiwa meno. Upande mmoja alikishika Gozbert, karani wa ofisi ya ustawi wa jamii, kaptura yake nyeupe imepigwa pasi ikakaza na soksi ndefu zimefika magotini. Upande wa pili alikishika Somoe. Baibui lilikuwa limemshuka mabegani, gauni la maua mekundu likichungulia, na hakuwa na nia yoyote ya kuachia.

"Bwana karani, meno yako yote yapo. Kinu cha nini?"

"Cha kuwekea kalamu mezani."

"Kalamu!" Somoe akacheka mpaka muuzaji naye akacheka. "Bibi yangu ana siku tatu hajaonja tambuu, wewe unawaza kalamu. Hebu niachie."

"Nitaachia ukinitajia jina."

"Somoe. Haya, achia."

Hakuachia mpaka alipojua pia kwamba anashona nguo kwa Mhindi mmoja mjini, na kwamba duka hilo lina simu, naye akampa namba ya ofisini kwake. Jumatatu, saa nne asubuhi, simu ya ofisini ikalia.

"Halo, hapo ofisi ya ustawi?"

"Ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Kuna kijana huko ananyang'anya wazee vinu. Nataka kumshtaki."

"Una shahidi?"

"Ninaye, ila hana jino hata moja. Mkimhoji hamtamwelewa."

Basi yakaanza hivyo. Kila Jumapili Gozbert alitoka kwake Kinondoni amejipaka mafuta ya nywele, wakakutana mjini, wakatembea na kutaniana mpaka miguu ikauma. Alimwita laazizi, naye akaitwa Gozi. Lakini nyumbani kwao Temeke Somoe hakumpeleka. Yeye Mwislamu, Gozbert Mkristo wa Bukoba, na kila alipotaka kumwambia bibi yake, Bi Zuena, hakupata pa kuanzia.

Mwezi wa saba Gozbert akapata uhamisho wa Tabora.

"Twende wote," alisema. "Nikuoe, tupande treni pamoja."

"Na Bibi nani atamtwangia tambuu? Nani atamwogesha?"

"Tumchukue."

"Hatoki, Gozi. Watoto wake wote amewazika hapa, na baba yangu Mfaume ndiye wa mwisho. Amebaki na mie tu."

"Kwa hiyo nikungoje mpaka afe?"

Somoe akasimama. "Umesema nini?"

"Nimeteleza, mpenzi. Nisamehe."

Alisamehewa. Lakini hakuteleza yule. Alisema kilichokuwa moyoni, na kilichokuwa moyoni kilibaki palepale.

Juma lile lile mkuu wake, bwana Benedikto, alimpa daftari na orodha ya nyumba za Temeke. "Kuna kambi mpya ya wazee ng'ambo, Kigamboni," alieleza. "Vitanda vya chuma, mganga, chakula mara tatu. Mji unakua, vijana wanakuja na kuondoka, wazee wanabaki na kuta. Baada ya miaka kumi kila wilaya itakuwa na kambi yake. Lakini sikiliza, tunataka wasio na mtu tu."

Nyumba ya tisa alimkuta kikongwe ameketi mkekani, kanga zake zimefifia lakini ni safi. Pembeni yake palikuwa na kinu cha ukingo wa kijani. Gozbert alikitazama, akageuza macho, kisha akakitazama tena.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Serikali inauliza, bibi. Una mtu wa kukuangalia?"

"Sina mtu, mwanangu, ila Mungu. Nipo na huyu mke mwenzangu tu, ameenda kibaruani."

Hapa Pwani bibi humwita mjukuu wake wa kike mke mwenza, kwa kuwa babu naye humtania kwamba ni mkewe. Na hakuna mzee mwenye adabu atakayejigamba mbele ya mgeni kwamba ana watu na anatunzwa vizuri. Atasema hana mtu, na mgeni atacheka na kuelewa. Gozbert alikuwa na miaka saba Dar es Salaam. Aliyajua yote mawili, na kinu alikijua. Akaandika: *Hana mtu. Anaishi na mke mwenza, naye mzee.* Bi Zuena, aliyedhani anaandikiwa sukari, akachovya kidole gumba kwenye wino, akabonyeza.

Jumanne gari likaja. Somoe aliporudi jioni alikuta mlango umefungwa kwa kamba, na jirani akamweleza huku analia. Asubuhi alipiga simu.

"Gozi, wamemchukua Bibi! Wanasema hana mtu!"

"Nimesikia, laazizi. Karani fulani hakuelewa maneno yake. Lakini tazama, huko analala kitandani, mganga yupo. Pengine ni heri. Sasa unaweza kuja Tabora."

Somoe alikata simu bila kujibu. Siku iyo hiyo akavuka kwa pantoni ya Magogoni kwenda kambini.

Alimkuta Bi Zuena amekaa ukingoni mwa kitanda cha chuma, amevalishwa shuka jeupe, mdomo mkavu. Tambuu ilikuwa marufuku kwa kuwa inachafua sakafu. Msimamizi wa kambi, bwana Gregori, hakuwa mtu mbaya. Alimwonyesha karatasi, akamwambia hawezi kumtoa mzee asiye na mtu kumpa mtu asiyeandikwa. Somoe akasoma. Mwandiko ule alikuwa anaulalia kila siku, barua za Gozi zilikuwa chini ya mto wake. Na mwisho wa karatasi paliandikwa: *Vitu vyake: mkeka mmoja, kanga mbili, kinu kidogo cha tambuu, ukingo wa kijani, kimoja.*

Aliingia ofisini kwa Gozbert bila kubisha hodi.

"Kinu ulikiona."

Gozbert akaweka kalamu chini. "Nilikiona."

"Ukajua ni kwetu."

"Somoe, mwaka huu ameanguka mara mbili, wewe uko kibaruani. Uliniambia mwenyewe. Siku akianguka mara ya tatu, nani atamwinua?"

Ilikuwa kweli, na Somoe ilimuuma zaidi kwa sababu hiyo.

"Mngeleta mganga apite kwetu mara moja kwa juma," alisema, machozi yakimtiririka. "Mngetafuta mama mmoja wa kuzunguka nyumba za wazee mchana, ningewaombea dua mpaka nife. Kambi ni ya aliyekosa watu. Wewe umemfanya Bibi mkiwa ili upate mke!"

"Nakupenda, Somoe."

"Najua. Ndiyo maana nashindwa hata kukutukana."

Gozbert alifuta, akaandika upya, akapiga muhuri. Kesho yake Bi Zuena alirudi Temeke.

Siku mbili kabla ya treni Gozbert alikwenda kuaga. Alibeba doti ya kanga na tambuu mbichi iliyofungwa kwenye jani la mgomba, na moyoni bado alikuwa na tumaini, mjinga wa watu. Bi Zuena aliposikia viatu vyake uani aliacha kutwanga.

"Shikamoo bibi."

Hakuitikia marahaba. Alimshika Somoe mkono kwa nguvu. "Andika, bwana. Ninaye mtu. Huyu ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu Mfaume."

"Bibi, leo hajaja kuandika," Somoe alimbembeleza. "Mtanie basi. Mwambie mie mke mwenzio."

"Mjukuu wangu," alisema kikongwe. "Tangu lini nikasema mke mwenza? Mjukuu. Andika."

Tangu atoke kambini alikuwa akimwambia hivyo kila apitaye, muuza maji, hata watoto. Utani ulikuwa umemtoka kabisa, na Somoe, aliyeitwa mke mwenza tangu anatambaa, alikuwa hajaitwa hivyo tena.

Gozbert alipapasa mifuko, akatoa kalamu na bahasha ya barua yake ya uhamisho. Akachutama, akaandika nyuma yake polepole, kisha akasoma kwa sauti: "Bi Zuena ana mtu. Ni Somoe binti Mfaume, mjukuu wake."

Akainua macho kumtafuta Somoe. Somoe alikuwa anatazama bahasha.

"Iache hapo mkekani," alisema. "Kanga zako chukua. Safari njema, bwana karani."

Bi Zuena alikuwa bado amenyoosha kidole gumba, anangoja wino.