Dawa Kwenye Kopo la Misumari

Mdogo wangu amekatwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, na kosa ni langu.

Sisi ni maseremala. Karakanani, kwenye kopo la misumari, niliweka vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kwenye dozi za zamani. Mtu akijikata, nampa viwili vitatu. Wenzangu waliniita Daktari Misumari. Nilifurahi.

Siku hiyo patasi ilimchoma mdogo wangu kidoleni. Nikampa vidonge vitatu.

"Kaka, si niende zahanati?"

"Kwa mkwaruzo huo? Wauguzi watakucheka!"

Akajifuta kwa taulo letu la pamoja, akarudi kazini.

Siku ya tano mkono ulivimba, hakuweza hata kushika kikombe. Hospitalini dawa ya kwanza haikusaidia. Ya pili vilevile. Wakapeleka usaha maabara. Majibu yalipotoka, vidole vilikuwa vimeshakufa.

Kisha mama wa maabara akaja karakanani. Alipitisha vijiti vya pamba puani kwangu, kwenye taulo, na kwenye jipu la mwenzetu anayepaka vanishi. Baada ya wiki alirudi.

"Bakteria wote hawa ni ukoo mmoja na wale wa mkononi kwa mdogo wako," alisema. "Ni aina mpya. Tunaifuatilia isisambae."

"Hata wa puani kwangu? Mbona siumwi?"

"Unawabeba tu, baba. Taulo limewasambaza."

"Lakini dawa nilimpa! Vidonge vitatu, kutoka kopo hili!"

"Vidonge vitatu. Hivyo huua bakteria dhaifu. Wagumu hubaki, huzaana, na dawa hiyo haiwawezi tena. Huo ndio usugu. Kopo hili lina miaka mingapi?"

"Sita."

"Basi miaka sita umewafundisha kazi."

Nikalifunika kopo.

Mwenzetu wa vanishi akauliza, "Na mimi, mama, mtanikata?"

"Jipu lenyewe liko makalioni. Tukate nini?" Tulicheka kidogo. "Utapewa dawa tuliyoipima, ambayo bado inawaweza. Uimeze kama ulivyoandikiwa, hata ukijiona umepona."

Aliimeza siku zote kumi. Jipu likakauka.

Sasa kila mmoja ana taulo lake. Tunanawa kwa sabuni. Mtu akijikata, anaosha kidonda, anakifunika. Kikivimba, anakwenda zahanati, na hakuna wa kumcheka. Vidonge nilivipeleka kwa mfamasia. Kopo lina misumari tu.

Mdogo wangu amerudi kazini. Yeye ndiye aliyejua kuchonga maua kwenye vitanda. Sasa anapiga msasa. Hajanilaumu hata siku moja. Jana aliniambia tu, "Kaka, nishikie ubao huu."

Nikaushika.

Vidole viwili. Siku thelathini na nane za kulala hospitalini. Miaka kumi na minne ya kujifunza kuchonga. Na kutoka mlangoni kwetu hadi zahanati ni hatua mia mbili na kumi. Nimezihesabu.