Geti Lililobaki Wazi

Kila asubuhi, kabla ya shule, Chiriku alimpelekea mama yake chai kazini. Mama alikuwa mlinzi wa geti pale barabara inapokatiza reli. Kengele ikilia, huzungusha mkono wa chuma, geti likashuka, watu wakasubiri treni ipite. Binti aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Siku hizo mambo hayakuwa sawa. Wakubwa wa reli walikuja na maneno matamu: fanyeni kazi bila siku ya mapumziko, mtaongezwa mshahara. Jaribuni mwezi mmoja, kisha mpige kura. Chiriku ndiye aliyemsukuma mama akubali, maana alichoka kulala chini ya paa linalovuja.

"Mama, chai umeitia chumvi," Chiriku alisema jioni moja nyumbani.

"Kunywa tu. Ikifika tumboni itajijua."

Lakini mama hakucheka. Alizoea sasa kunyamaza katikati ya neno, macho wazi, kama redio iliyokatiwa umeme.

Asubuhi moja ukungu ulitanda. Kengele ikalia. Geti halikushuka. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanaikaribia reli, wameshikana mikono. Mama alisimama pale pale, macho wazi, mwenyewe hayupo.

Chiriku aliitupa chupa ya chai, akaurukia ule mkono wa chuma, akazungusha huku akipiga kelele, "Rudini nyuma!" Treni ikapita ikitetemesha ardhi. Watoto wakabaki wameduwaa nyuma ya geti.

Mama alizinduka. "Usimwambie mtu, mwanangu. Watanifukuza."

Mchana huo mwezi wa majaribio uliisha, wafanyakazi wakakusanyika kwenye karakana kupiga kura, na Chiriku akaja kutoka shule akasimama kando ya mama. Ofisa wa reli, shati limenyooshwa, uso wa mtu aliyelala vizuri, aliuliza, "Wanaotaka nyongeza?" Mama akanyoosha mkono. Chiriku alisogea mbele.

"Mama alisinzia leo," akasema. "Geti lilibaki wazi. Watoto wangekufa."

"Basi huyo ni mzembe," ofisa alisema. "Kazi hana."

Mjomba wa Chiriku, fundi wa reli, akasimama. "Ngoja, bosi. Nani mwingine amesinzia kazini mwezi huu? Anyooshe mkono."

Kisha dereva wa treni akanyoosha. "Nimepita stesheni nzima nisiione." Mafundi wakafuata, mmoja mmoja, hadi karakana ikajaa mikono. Mama aliushusha ule wa kura, halafu akaunyoosha upya pamoja nao.

Ofisa alihesabu kwa macho, akaona hawezi kuwafukuza wote. Pendekezo likafa hapo, na mama akabaki na kazi yake. "Mtakuja kuomba wenyewe," alisema akitoka.

"Dada, usimkasirikie mtoto," mjomba alisema. "Baba yetu naye walimjia hivi hivi, akakubali, akasinzia, reli ikamla. Nyongeza tutaidai, ni haki yetu. Lakini mtu akikulipa ili usipumzike, Chiriku, ananunua usingizi wako, na deni hulilipa mtoto anayevuka reli. Ukiona hatari, iseme, hata kama inamhusu unayempenda."

Mama alimshika binti yake mkono. "Twende," alisema. "Nikalale."